Miti ya kando ya mto ndani ya mji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni watu wachache tu tunaopenda kuhesabu miti kando ya mto Mpanga hapa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, na wenzetu wengine wako Jinja, Mbarara na Kasese. Kila tukitoa tepu na daftari mtu anasimama anauliza, mara ni mama anayefua, mara ni bodaboda anayeosha pikipiki, mara ni askari wa kulinda kiwanja cha bosi. Maswali mengi ni yaleyale, kwa hiyo tumeyaweka hapa pamoja.

Huu kweli ni msitu? Mimi naona vichaka na kavera (mifuko ya plastiki) tu.

Ni msitu. Mwembamba, umechoka, umejaa kavera na chupa, lakini msitu. Tofauti na misitu mikubwa kama Kibale au Mabira ni kwamba huu unafuata maji, unaweza kuwa mrefu kilomita nyingi na upana wake usifike hata mita hamsini, na sehemu nyingine unakatika kabisa halafu unaanza tena upande wa pili wa daraja. Mbarara ndio utaona vizuri, maana pale kwenye vilima ni nyasi na miti michache ya miiba, lakini ukishuka mto Rwizi unakuta miti mikubwa ya kijani hata wakati wa kiangazi, kwa sababu mizizi yake inapata maji mwaka mzima.

Halafu hizo kavera zina kazi, usicheke. Angalia zimenasa matawini kwa urefu gani. Hapo ndipo maji yalipofika mafuriko yaliyopita.

Kwa nini kando ya mto kuna aina nyingi za miti kuliko kwenye kilima cha jirani?

Sababu ni kadhaa na zinafanya kazi pamoja. Mto unabeba mbegu kutoka juu, huku kwetu hata kutoka miteremko ya Rwenzori, unazitupa ukingoni. Mafuriko yanaleta tope jipya lenye rutuba na yanang'oa miti fulani, inabaki nafasi yenye mwanga, miti inayopenda jua inaingia hapo. Mita chache tu kutoka hapo ardhi imeinuka, haifuriki, na ina miti mingine kabisa. Yaani katika mita thelathini unavuka mazingira matatu: pale panapolowa kila mwezi, pale panapolowa mvua kubwa ikija, na pale pakavu. Kila sehemu na wenyewe. Ongeza ndege na popo wanaokuja kunywa na kulala, wanadondosha mbegu walizokula mbali, ndio utaelewa kwa nini ukingo wenye afya unakuchanganya ukianza kuandika majina.

Nitakutana na miti gani?

Inategemea mji, na watu wengi wanakosea hapa kwa kudhani Uganda yote ni moja. Karibu na maji utakuta mkindu (Phoenix reclinata), mashina yake yanakaa kwa kundi, miyaa yake watu wanasukia mikeka na vikapu. Utakuta mikuyu na jamaa zake wa Ficus, hao ndio wanalisha kila mtu, ndege, nyani, popo, watoto wa shule. Kuna muziru (Pseudospondias microcarpa), huo hauogopi kusimama majini. Kuna mzambarau mwitu (Syzygium cordatum), ni ndugu wa jambula ile mnayokula midomo ikawa zambarau, ila jambula yenyewe ilitoka Asia. Kuna katazamiti (Bridelia micrantha). Mahali maji yanapotulia unakuta mafunjo na michikichi ya rafia.

Ukipanda juu kidogo unapata musambya (Markhamia lutea), mugavu (Albizia coriaria), jjirikiti yenye maua mekundu, kifabakazi (Spathodea campanulata), na musizi (Maesopsis eminii) uliosimama wima kama mlingoti. Jinja na Busoga yote ni nyumbani kwa mvule (Milicia excelsa), pale hata leo unakuta mvule mzee peke yake katikati ya shamba la mahindi. Huku Fort Portal tuko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, mvule haupendi baridi hii, kwa hiyo mtu akikuuzia miche ya mvule akakwambia itakuwa msitu hapa Mpanga, mshukuru halafu nenda zako.

Muwafu (Canarium schweinfurthii) upo pia sehemu zilizobaki na miti ya zamani. Gome lake likijeruhiwa linatoa utomvu wenye harufu ya ubani, watu wanauchoma.

Mnasema "muundo wa msitu". Ndio nini hiyo?

Hili ndilo swali letu tunalolipenda na ndilo watu wanaliruka. Aina ni nani yupo. Muundo ni wamekaaje: wangapi wakubwa, wangapi wa kati, wangapi wachanga, tabaka ngapi kutoka chini mpaka juu, matawi yanagusana au kuna matundu, mti uliokufa upo au wameuondoa.

Msitu ulio sawa, ukipanga miti yake kwa unene, miche ni mingi sana, vijiti ni vichache kidogo, miti ya kati inapungua, mikubwa ni michache. Ukichora kwenye karatasi unapata mstari unaoanza juu kabisa kushoto halafu unateremka. Ndani ya mji mara nyingi tunakuta kinyume, mikuyu mitano mikubwa ya kupendeza, watu wanapiga picha za harusi chini yake, halafu chini ni udongo mtupu uliofagiliwa. Hakuna hata mche mmoja. Ni mtaa wenye wazee tu, hakuna mtoto anayezaliwa. Mtu atauona mtaa uko sawa kwa sababu wazee bado wanasalimia, lakini hesabu miaka.

Kwa hiyo mtu akituambia "ukingo wetu una aina ishirini na tano za miti", tunauliza: zina watoto ngapi? Ukingo wenye aina kumi na mbili zote zina miche, sisi tunauona uko salama kuliko huo wa ishirini na tano wa wazee. Wengine kwenye kikundi hawakubali hili, tunabishana kila mara, ila mimi nimesimama hapo.

Napimaje? Sina vifaa.

Tepu ya fundi cherehani, kamba ya mita 20, daftari, penseli (kalamu ya wino ikilowa umeisha), gumboti. Basi.

Pima kipande cha mita 20 kwa 20. Hiyo ni mraba wa mita 400, yaani vipande 25 vinafanya hekta moja, kwa hiyo ukipata miti 18 ndani yake ni sawa na 450 kwa hekta. Usichague kipande kizuri! Hili ni kosa la karibu kila anayeanza, anaenda palipo na mti mkubwa kwa sababu panapendeza. Amua mapema, mfano kila mita mia moja kufuata mto, popote kamba itakapoangukia ndipo hapo, hata kama ni nyuma ya washing bay ya magari.

Kila mti pima mzunguko wa shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini, halafu gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Mzunguko wa sentimita 126 ni kipenyo cha karibu 40. Kama mti uko kwenye mteremko simama upande wa juu. Kama umegawanyika chini ya hapo 1.3, kila shina lipime peke yake. Mikuyu mikubwa ina mizizi iliyotanuka kama kuta, huko pima juu ya hizo kuta, si kuzizunguka, vinginevyo utaandika mti wa maajabu.

Miche chini ya sentimita 10 ya kipenyo usiiache, ila usipime yote utalia. Weka kipande kidogo cha mita 5 kwa 5 ndani ya kile kikubwa uhesabu hapo tu.

Kitu kimoja cha kufurahisha: mti mmoja wa kipenyo cha sentimita 40 ukikatwa, eneo la shina lake ni sawa na la miti 16 ya sentimita 10. Ndiyo maana mtu akikata mkuyu mmoja halafu akaahidi miche kumi, hesabu haijakaa sawa kabisa, hata hiyo miche ikipona yote na ikakua mpaka sentimita 10.

Hiyo namba ya Shannon ni nini? Niliisoma chuoni sikuelewa.

Inapima mambo mawili kwa mara moja, aina ni ngapi na zimegawanaje. Unachukua sehemu ya kila aina katika jumla, unaizidisha kwa logi asilia yake, unajumlisha, unaondoa alama ya kutoa.

Tuseme vipande viwili, kila kimoja miti 20 na aina 4. Cha kwanza kina kalitunsi (mikaratusi) 17 na mti mmojammoja wa aina tatu nyingine. Cha pili kina mitano ya kila aina. Kwenye orodha ya majina vinafanana. Shannon ya kwanza inatoka 0.59, ya pili 1.39. Umeona? Ila haijui kama mti ni wa hapa au umeletwa, na haijui kama ni mche au babu. Ukingo uliojaa miti ya kigeni mchanganyiko unaweza kupata alama nzuri sana, kwa hiyo usiitumie peke yake.

Kalitunsi nayo si mti? Mbona mnaichukia?

Hatuichukii bwana. Nguzo za nyumba zetu ni kalitunsi, kuni za kuchoma matofali ni kalitunsi, viwanda vya chai huku kwetu vinakausha majani kwa kalitunsi, na kama isingekuwepo hiyo miti ya kienyeji ingekuwa imeisha zamani. Mtu mwenye nusu eka anapanda, baada ya miaka michache anauza nguzo analipa ada. Nani atamlaumu?

Shida ni mahali. Kalitunsi inakua haraka kwa sababu inakunywa haraka, na ikipandwa ukingoni mita mbili kutoka mtoni inavuta maji ambayo kiangazi ndiyo mto wenyewe unayategemea. Rwizi ndiyo inanywesha mji wa Mbarara kupitia National Water, shirika la maji la taifa, kwa hiyo hapo si suala la ndege na vipepeo tena, ni suala la bomba nyumbani kwako. Halafu chini ya kalitunsi iliyopandwa kwa mistari hakuna tabaka, ni tabaka moja la juu na majani makavu chini, miche mingine inapata tabu kuota, udongo uko wazi, mvua ikija unatiririka. Wanakata zote siku moja, ukingo unabaki uchi.

Ipeleke juu kwenye kilima. Hapo hatuna ugomvi.

Basi miti yote ya kigeni ni mibaya?

Hapana. Jakaranda ya Amerika Kusini imesimama barabarani miaka mingi haimsumbui mtu. Grivelia shambani ni sawa. Embe na fenesi nani atakata? Tunaangalia ile inayojieneza yenyewe: lantana kila mahali, mti wa karatasi (Broussonetia papyrifera) ambao umevamia Mabira, na Senna spectabilis yenye maua ya njano mazuri ambayo imesumbua sana Budongo. Hizi zikifika ukingoni mto unazisambazia mbegu bure.

Na sisi pia tumewapelekea wenzetu balaa. Musizi wetu huu ni mvamizi kule Usambara Mashariki, Tanzania, na kifabakazi inasumbua visiwa vya Pasifiki mpaka Hawaii.

Vichaka vinaficha wezi na nyoka. Si afadhali tufyeke?

Swali la haki, na anayelijibu kwa dharau hajawahi kupita hapo saa mbili usiku. Ila mwizi hajifichi nyuma ya mche wa musambya wenye urefu wa goti. Tunachowaambia wenyeviti wa LC (baraza la mtaa) ni hivi: fyeka lantana na nyasi ndefu mita mbili tatu kila upande wa njia watu wanapopita, weka taa kama kuna pesa, lakini kule ndani acha. Na mkifyeka hata hapo njiani, aliyeshika panga aonyeshwe kwanza miche ipi isiguswe, tumefunga vitambaa vyekundu na vinasaidia. Kufyeka kila kitu mara tatu kwa mwaka ndiko kunakoua watoto wa msitu kuliko msumeno. Mbuzi na ng'ombe wa kufungwa kamba wanafuata nyuma.

Popo wamejaa, wananuka, wanachafua magari. Tukate mti?

Usikate. Wale popo wakubwa wa rangi ya majani makavu (Eidolon helvum) wanaruka mbali sana usiku kutafuta matunda na ndio wanaosambaza mbegu za mvule, pamoja na mikuyu. Hamisha gari. Usiwashike kwa mikono, usiwale, na mtoto akiokota aliyeanguka mwambie amwache alipo.

Mti umekufa umesimama, au umeanguka mtoni. Tuutoe?

Kama utaangukia nyumba, njia au waya wa umeme, ndiyo. Kama hautaangukia mtu, uache. Ndege wanaotoboa mashimo wanazaa humo, kuvu na wadudu wanakula, na gogo lililolala majini linapunguza kasi ya maji na samaki wanajificha. Likiziba kalavati au daraja hilo ni jambo lingine, waite watu wa city council mapema kabla ya mvua. Kuni zilizoanguka kando ya njia akina mama waokote, hatuna neno.

Je, miti ingezuia mafuriko ya Nyamwamba kule Kasese?

Tusidanganyane. Mei 2013 Nyamwamba ilishuka kutoka Rwenzori na mawe makubwa kama magari, ikarudia Mei 2020 ikaharibu hospitali ya Kilembe. Mstari wa miti mjini hauzuii mawe ya aina hiyo. Kinachosaidia kwenye mafuriko makubwa namna ile ni hali ya mlima wote juu, na kutojenga pale mto unapotaka kupita.

Miti ya ukingoni inasaidia kwenye mafuriko ya kawaida, yale ya kila msimu. Mizizi inashika ukingo usimomonyoke, mashina yanapunguza kasi, majani yaliyooza yanafanya udongo unyonye. Na mji unahitaji hilo zaidi kuliko kijiji kwa sababu mabati na lami havinyonyi kitu, mvua ya nusu saa inafika mtoni yote kwa pamoja, mto unachimba kitanda chake unazidi kuwa mrefu kwenda chini, na hapo mizizi ya miti ya zamani inabaki inaning'inia hewani. Ukiona mkuyu mizizi nje, usiseme mti ni mgonjwa. Mto ndio umeshuka.

Sheria inasema mita ngapi? Mimi nina land title mpaka majini.

Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinaweka ukanda wa ulinzi wa mita 100 kwa mito iliyotajwa kwenye orodha, na Nile, Rwizi na Mpanga zimo. Mito mingine ni mita 30. Kipimo kinaanza pale maji yanapofika yakiwa juu kabisa, si pale yalipo Januari, na wapimaji wengine wanajisahaulisha hapa.

Title haifuti hilo. Katiba ya 1995 inasema mito na ardhi oevu serikali inazishika kwa niaba ya wananchi wote. Ardhi inaweza kuwa yako lakini huo ukanda una masharti, kujenga au kulima humo unahitaji kibali kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Anza na afisa mazingira wa mji au wilaya yako, tena uende na karatasi zako zote. Tukiri tu kwamba wapo waliojenga mpaka majini na ghorofa zimesimama, wakati mama mwenye sukuma wiki ndiye anayefukuzwa kwanza. Inaudhi. Lakini haikupi wewe kibali.

Tupande nini?

Kwanza msipande. Zungusheni uzio wa miti mikavu kwenye kipande kidogo, zuieni panga na mbuzi kwa misimu miwili ya mvua, halafu angalieni nini kimeota chenyewe. Kama mti mama uko karibu mtashangaa, na hiyo miche ya bure imezoea mahali hapo kuliko ya kitaluni.

Pale ambapo hakuna kinachoota, pandeni mchanganyiko. Majini kabisa mkindu, muziru, mzambarau mwitu. Mikuyu na mutuba, huu mutuba (Ficus natalensis) unashika hata kwa tawi nene ukilichomeka mwanzo wa mvua, na gome lake ndilo linatoa lubugo, nguo ya magome ya Baganda ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Juu zaidi musambya, mugavu, musizi. Kwa Jinja mvule, lakini msipande mvule mtupu mahali pamoja, kuna kidudu kinaitwa Phytolyma kinafanya uvimbe kwenye machipukizi na mche unakufa ncha. Changanyeni na miti mingine inayotoa kivuli kidogo, hasara inapungua.

Wakati ni mwanzo wa mvua, Machi au Septemba, si katikati ya mvua wakati maji yatawabeba. Mbegu zenye asili inayojulikana zinapatikana kituo cha mbegu cha NFA (mamlaka ya misitu ya taifa) pale Namanve.

Sijui majina ya miti. Nitaanzia wapi?

Anza na wazee. Mzee aliyekulia hapo anajua jina la Kitooro na mti unatibu nini, andika hilo jina kama alivyolisema hata kama hujui la kisayansi. Piga picha ya jani pande zote mbili, gome, ua na tunda kama lipo, na mti mzima. Programu za simu kama PlantNet na iNaturalist zinasaidia lakini kwa miti yetu zinakosea sana kwenye Ficus na Albizia, usiandike moja kwa moja ilichosema simu. Ukikwama kabisa, kausha tawi lenye majani na ua au tunda kwenye magazeti, badilisha magazeti kila siku lisioze, ulipeleke herbaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Makerere. Tawi bila ua wala tunda watakurudisha nalo.